Mwanafunzi anahitimu chuo bila kumaliza kitabu kimoja wala kuandika aya iliyosimama: chanzo ni nini?

#1 Mwanaduga (mleta mada)
Wakuu, salaam. Ninasoma mwaka wa tatu, shahada ya sanaa katika historia na sosholojia, na ninaleta swali ambalo tumelijadili sana vimbwetani, yaani kwenye meza na viti vya nje chuoni, bila kufikia mwafaka. Karibu wote ninaosoma nao walifaulu vizuri kidato cha sita. Hata hivyo wengi wetu tunapita semista nzima kwa madesa, yaani mihtasari iliyotolewa fotokopi kutoka kwa waliotutangulia, pamoja na slaidi za mhadhiri na karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Orodha ya vitabu vya rejea tunapewa wiki ya kwanza, na haifunguliwi tena mpaka usiku wa kuandika marejeo mwishoni mwa kazi. Mitihani tunafaulu. Lakini mpe mwenzetu makala ya kurasa ishirini akueleze mwandishi anadai nini na analithibitishaje dai lake, atakusomea sentensi za mwanzo na za mwisho. Na ukimwomba aandike ukurasa mmoja wa fikra zake mwenyewe, ataanza na "Tangu enzi na enzi".

Dai langu ni kwamba hatukosi akili wala bidii. Tunasoma ili tukumbuke na tunaandika ili tujaze kurasa, kwa sababu hicho ndicho kinachopewa alama. Nani ana maelezo mengine? Na wale waliobadilika wakiwa chuoni, walifanya nini hasa?

#2 Binti wa Makorora
Chanzo ni simu, ndugu yangu. Mtu anafungua makala kwenye simu ileile inayomletea ujumbe wa kundi la darasa, la ukoo na la harusi. Akifika ukurasa wa tatu ameshatoka mara kadhaa, na kila akirudi anaanza aya upya. Zima data, chukua karatasi, kisha tuzungumze habari za mfumo.

#3 Msaidizi wa Kitivo
Ahsante kwa mada. Nafundisha semina za mwaka wa kwanza, na kwa maoni yangu simu ni jambo la juujuu. Mtoto anayesoma shule ya serikali Tanzania hujifunza kwa Kiswahili darasa la kwanza hadi la saba, kisha akiingia kidato cha kwanza anakuta karibu masomo yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe, yanafundishwa kwa Kiingereza. Asipoielewa lugha, hana njia nyingine ila kukariri alichoandikiwa ubaoni. Akifika chuoni amekwisha kukaa miaka sita akinakili sentensi ambazo hangeweza kuzitunga, na tunashangaa anapoendelea kunakili.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Kwa hiyo, Mwanaduga, kabla hatujamlaumu mwanafunzi kwa kudesa, tuangalie alianza kudesa akiwa na umri gani na kwa sababu gani.

#4 Msomaji wa Kitale
Heko Msaidizi wa Kitivo, ila naomba nitofautiane nawe kwa ushahidi wa upande wa pili wa mpaka. Sisi Kenya tuliandika insha ya Kiswahili tangu shule ya msingi. Katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulioanza 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho 2023, insha ilikuwa na dakika 40 na alama 40. Kiswahili tulikijua, na kuandika tuliandika kila wiki. Matokeo yake? Tulikariri mianzo. Kila mtoto alikuwa na sentensi zake za jua kuchomoza na ndege kuimba, methali alizozihifadhi na tamathali za kupachika, na mwalimu alitia alama ya vyema kwenye kila methali hata ikiwa haihusiani na kisa. Nilifika chuo kikuu nikiwa hodari wa kupamba, na sikuwa na uwezo wa kujenga hoja ya kurasa tatu. Kwa hiyo mtu anaweza kuandika kwa lugha anayoielewa vizuri na bado asifundishwe kufikiri kwa maandishi.

#5 Mwalimu Mstaafu
Vijana, shikamooni haiwahusu, lakini nisikilizeni. Mnazungumzia sekondari na chuo wakati mti ulipinda ukiwa mchanga. Kuanzia 2012 mtihani wa kumaliza darasa la saba ulianza kusahihishwa kwa mashine, na maswali yote yakawa ya kuchagua, hata ya Hisabati. Mwalimu anafundisha kile kitakachopimwa. Mtoto aliyetakiwa kusiliba kivuli kwenye herufi tu hakuona sababu ya kuandika sentensi kamili, na mwalimu mwenye watoto mia darasani hakuona sababu ya kubeba madaftari ya insha nyumbani.

#6 Mpenda Takwimu
Marahaba Mwalimu, ingawa hujaamkiwa. Naongeza marekebisho mawili. Kwanza, maswali ya kuandika majibu yalirejeshwa baadaye, japo machache, kwa hiyo si sahihi kusema hali imebaki ile ya 2012. Pili, na hili ndilo zito, fotokopi za mihtasari zilikuwepo chuoni kwetu miaka ya tisini, zikiuzwa steshenari nje ya geti, na walioziandika na kuzisoma walifanya mitihani ya darasa la saba kabla mashine haijafika. Sababu haiwezi kuja baada ya matokeo yake.

#7 Fundi wa Aya
Wakuu, tunazungumza kwa jumla mno. Mwanaduga, tuwekee aya moja uliyoiandika kwa ajili ya kazi ya darasani, pamoja na swali ulilopewa. Nimehariri maandishi ya watu kwa muda mrefu, na nimeona kwamba ugonjwa huu hautambuliki mpaka mgonjwa alale kitandani.

#8 Mwanaduga
Sawa, Fundi. Niliandika kwa Kiingereza, nami nimeiweka hapa kwa Kiswahili ili tuelewane. Swali lilikuwa: kwa nini uzalishaji wa mkonge nchini ulianguka baada ya uhuru?

"Tangu enzi na enzi kilimo kimekuwa uti wa mgongo wa taifa letu. Mkonge ni zao muhimu sana ambalo lililetwa na Wajerumani kutoka Brazili mwaka 1892 na limechangia maendeleo ya nchi kiuchumi, kijamii na kisiasa. Hata hivyo kulikuwa na changamoto mbalimbali zilizosababisha zao hilo kushuka, zikiwemo changamoto za soko, changamoto za uongozi na changamoto za teknolojia. Hivyo basi serikali na wadau hawana budi kushirikiana ili kutatua changamoto hizo."

Nilipata alama ya kuridhisha, bila maoni yoyote pembeni.

#9 Fundi wa Aya
Ahsante kwa ujasiri. Sasa tuisome kwa pamoja, sentensi kwa sentensi.

Sentensi ya kwanza ondoa neno lolote unalotaka, haitadhurika, kwa sababu inaweza kufungua insha ya korosho, ya pamba, ya maziwa, hata ya mbolea. Haijibu swali, hivyo iondoke yote. Sentensi ya pili inaanza kueleza historia ya zao kufika, jambo ambalo hukuulizwa, halafu inamalizia kwa "kiuchumi, kijamii na kisiasa", maneno matatu tunayoyatumia tunapokuwa hatujaamua tunasema nini. Sentensi ya tatu ndiyo pekee inayogusa swali, na humo umetaja changamoto mara nne bila kutuambia hata moja. Soko lilifanya nini? Nani aliongoza vibaya, lini, na shamba likafanyika nini? Teknolojia ipi, ya nani? Sentensi ya mwisho inatoa ushauri kwa serikali, na aliyekuuliza hakuomba ushauri.

Dawa ninayowapa wote ninaowahariri ni moja. Katika kila sentensi tafuta mtendaji na tendo lake. Ukikuta sentensi ambayo ndani yake hakuna anayefanya kitu, ama hujui kilichotokea au unaogopa kukisema. Ukiwa hujui, rudi ukasome. Ndiyo maana siamini kwamba kusoma na kuandika ni stadi mbili: aya yako ni dhaifu kwa sababu ulisoma bila kutafuta nani alifanya nini.

#10 Mzaliwa wa Pangani
Naomba niingilie kwa sababu aya imegusa kwetu. Mkonge haukutoka Brazili, na mwaka si 1892. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza vichipukizi elfu moja vyenye asili ya Yucatán, Meksiko, vikapitia Florida na Hamburg, na 1893 vilipofika huku vilikuwa vimebaki hai 62 tu. Vilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kuhusu swali lenyewe, mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 na kuongoza duniani; mwishoni mwa miaka ya tisini uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 20,000. Tarakimu hizo mbili zingetosha kuifungua aya yako kuliko enzi na enzi zote.

Nakuuliza kwa nia njema, hiyo Brazili uliipata wapi?

#11 Mwanaduga
Kwenye desa, mkuu. Lilikuwa limenakiliwa mara nyingi hata wino umefifia.

#12 Binti wa Makorora
Basi ushahidi huo hapo: desa halikufanyi msomaji mvivu tu, linakupa hata Brazili isiyokuwapo.

#13 Tabibu Mtarajiwa
Habari zenu. Nasoma udaktari wa binadamu, mwaka wa nne, na kwetu wingi wa kusoma hauna mjadala, kwa hiyo nimelazimika kutafuta njia. Mwaka wa kwanza nilisoma kama watu wengi wanavyosoma: napiga mstari kwa kalamu ya rangi, narudia sura, narudia tena, na najisikia nimeelewa kwa sababu maneno yameshanizoea. Kisha nilikutana na utafiti wa Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa 2006. Walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu na kukirudia, na wengine waliokisoma kisha wakaandika wanachokikumbuka bila kukiangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioandika walikumbuka asilimia 56, wenzao asilimia 42.

Tangu hapo nikimaliza sehemu ya kitabu nafunga, nachukua karatasi tupu na kuandika kwa sentensi kamili, si kwa vishale na vifupisho, kile mwandishi alichoeleza na kwa nini. Ninapokwama katikati ya sentensi, hapo ndipo palipo shimo, na nafungua kitabu kwa ajili ya shimo hilo tu. Faida ya pili sikuitarajia: uandishi wangu wa ripoti za wagonjwa umenyooka, kwa sababu kila siku nalazimika kutunga maelezo yangu mwenyewe badala ya kuazima ya kitabu.

#14 Mwendo Kasi
Tabibu, hayo yote yanachukua muda. Mimi ningeshauri watu wajifunze kusoma kwa kasi. Evelyn Wood alianza kuyafundisha hayo Marekani 1959, na kuna watu wanaosoma maneno elfu kadhaa kwa dakika. Ukiweza hivyo, orodha nzima ya rejea unaimaliza kwa wiki moja.

#15 Mpenda Takwimu
Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Marc Brysbaert alikusanya tafiti nyingi za kasi ya kusoma na kuchapisha matokeo 2019: mtu mzima anayesoma kimyakimya maandishi ya Kiingereza yasiyo ya hadithi huenda wastani wa maneno 238 hivi kwa dakika. Keith Rayner na wenzake, katika mapitio yaliyochapishwa 2016, walieleza kwamba kasi ikiongezwa mara mbili au tatu uelewa hupungua, na kwamba wanaoonekana kusoma kwa kasi ya ajabu kwa kawaida wanaparuza, tena mara nyingi juu ya jambo ambalo tayari wanalifahamu. Kuparuza kuna matumizi yake, kwa mfano ukitafuta kama makala inakufaa. Ila ukishaamua kwamba inakufaa, kinachokuongezea kasi halisi ni msamiati na ujuzi wa mada, na hivyo vyote huletwa na kusoma kwingi. Hakuna njia ya mkato hapo.

#16 Mwendo Kasi
Nashukuru kwa ufafanuzi. Bado naona kuna tofauti kati ya anayevuta maneno moja moja na anayesoma fungu zima, lakini nitayasoma mapitio hayo.

#17 Mama Wawili
Wapendwa, nimerudi chuo nikiwa na familia na kazi, kwa hiyo nazungumza kama mtu anayesoma usiku watoto wakilala. Binti wa Makorora alisema simu ndiyo chanzo. Kwangu simu ndiyo maktaba. Kitabu kimoja cha rejea kinaweza kumaliza fedha ya matumizi ya mwezi, na nakala ya maktaba ikiwa moja kwa darasa zima, anayeishi mbali na chuo haipati. Tukisema "chukua karatasi", tukumbuke karatasi hiyo inanunuliwa.

#18 Binti wa Makorora
Pole kwa majukumu, dada, na nakubali kwamba nilisema kwa ukali. Ila utafiti unasema karatasi ni bora kuliko kioo. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walichambua tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakakuta waliosoma karatasini wanaelewa zaidi.

#19 Mpenda Takwimu
Ni kweli, lakini tuumalizie. Faida hiyo ilionekana kwenye maandishi ya maelezo na ilikuwa kubwa zaidi pale msomaji alipobanwa na muda. Kwenye hadithi peke yake hawakukuta tofauti. Tena tofauti yenyewe kwa ujumla haikuwa kubwa. Mama Wawili anaweza kusoma kwenye simu na akaelewa vizuri, mradi asijibane na muda na aandike anachokielewa, kama alivyoeleza Tabibu.

#20 Kalamu ya Risasi
Na kuandika huko kuwe kwa mkono. Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walionyesha 2014 kwamba wanaoandika mhadhara kwa kompyuta hunakili neno kwa neno na hujibu vibaya maswali ya kuelewa, ilhali wanaoandika kwa mkono hulazimika kuchagua.

#21 Tabibu Mtarajiwa
Kalamu, jaribio hilo lilirudiwa na Kayla Morehead na wenzake, wakachapisha 2019, na matokeo hayakuwa dhahiri kama yale ya kwanza. Nadhani la muhimu ni hilo la mwisho ulilolitaja, kuchagua. Anayenakili kwa mkono kila neno la mhadhiri hajamzidi anayenakili kwa kompyuta.

#22 Msaidizi wa Kitivo
Nimefuatilia kwa makini, na naomba nirudi kwenye hoja ya lugha, kwa sababu naona imepitwa haraka. Tazameni aya ya Mwanaduga tena. Aliiandika kwa Kiingereza. Mtu anayeandika kwa lugha asiyoimudu hukimbilia maneno ya jumla, kwa kuwa ya jumla ndiyo anayoyajua. Kusema kwamba kamba za plastiki zilichukua nafasi ya kamba za mkonge kwenye kufungia majani ya mifugo huko Ulaya na Marekani kunahitaji msamiati ambao hakuwahi kupewa. Akasema "changamoto za soko", akanusurika.

#23 Msomaji wa Kitale
Msaidizi, hoja hiyo ni nzuri, lakini Mwanaduga ameitafsiri aya yake kwa Kiswahili, lugha anayoimudu kabisa, kama tunavyoiona akiandika hapa kwa ufasaha. Mbona udhaifu umebaki uleule? Akibishana nasi hutumia mtendaji na tendo. Akiandika kazi ya darasani hutumia changamoto. Mimi naona tofauti iko kwa msomaji anayemkusudia. Hapa anajua kuna mtu atakayejibu. Kule anajua kuna mtu atakayetoa alama na kuendelea na karatasi inayofuata.

#24 Msaidizi wa Kitivo
Au tabia iliyojengwa katika lugha moja imehamia kwenye nyingine. Mtu akizoea miaka mingi kuandika kitaaluma kwa maneno ya kujihifadhi, atayatafuta hata katika lugha ya mama yake. Lakini suala la msomaji nalikubali kwa uchungu, kwa sababu mimi ndiye msomaji huyo. Darasa la mwaka wa kwanza likiwa na mamia ya wanafunzi, na kazi zikaja zote wiki moja, siwezi kuandika maoni pembeni ya kila aya. Nimeanza kuwaomba watume aya moja tu badala ya kurasa nane, na naisoma kwa dhati. Wengine kitivoni wanaona nimeshusha kiwango. Mimi naona aya moja iliyosomwa na kurudishwa ina faida kuliko kurasa nane zilizopimwa kwa urefu.

#25 Mwalimu Mstaafu
Hapo umenena, mwanangu. Usikubali kurudishwa kwenye kurasa nane.

#26 Mhitimu wa Juzi
Salaam. Mleta mada aliuliza waliobadilika walifanya nini, nami naona wachache wamejibu, kwa hiyo naeleza kisa changu. Mwaka wa pili tuliunda kikundi cha watu wanne. Tulikutana kwenye kimbweta kile kile Jumamosi asubuhi, kila mmoja amebeba ukurasa mmoja aliouandika kuhusu makala aliyoisoma wiki hiyo. Sheria ilikuwa kwamba mwandishi hasomi maandishi yake mwenyewe. Anayasoma mwenzake kwa sauti, bila kuyapitia kwanza. Palipomkwaza msomaji, palipomlazimu kurudi mwanzo wa sentensi, paliwekewa alama, na mwandishi hakuruhusiwa kujitetea. Nilikuwa nikiandika sentensi za mistari sita, na nikimsikia mwenzangu akikosa pumzi katikati nilijua pa kukata bila mtu kunifundisha sarufi yoyote.

Kuhusu vitabu, Mama Wawili ana haki, lakini kwa walio Dar es Salaam nafasi ipo zaidi ya tunavyoitumia. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa Novemba 2018, ina nafasi ya kuketi watu 2,100 kwa wakati mmoja, na kwa wasio wanachuo kuna Maktaba Kuu ya Taifa pale mjini, iliyofunguliwa 1967. Wengi wanaingia humo na kusoma madesa yao.

#27 Kalamu ya Risasi
Hakuna aliyetaja akili mnemba mpaka sasa, na uzi umefika mbali. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, aya kama ile ya Mwanaduga hupatikana kwa kuuliza tu, tena ikiwa imepigwa pasi. Kwa hiyo kuandika kwa jumla hakumpi mtu faida yoyote tena, na huenda hilo likawalazimisha wahadhiri kuuliza maswali ya kwetu, ya mahali na mwaka.

#28 Mama Wawili
Naitumia, sifichi, lakini baada ya kuandika mwenyewe. Naiuliza ni sentensi ipi haieleweki, kisha naitengeneza kwa mkono wangu. Nikianza nayo, siku ya mtihani wa chumbani sina kitu kichwani.

#29 Mwanaduga
Nimejaribu kuifuata sheria ya Fundi ya mtendaji na tendo, na nimesoma tena, safari hii si desa. Mniambie:

"Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge na kuongoza duniani, mwishoni mwa miaka ya tisini ilizalisha kama tani 20,000. Anguko hilo lilianzia nje ya nchi. Wakulima wa Ulaya na Marekani, waliokuwa wakinunua kamba za mkonge kufungia majani ya mifugo, walihamia kwenye kamba za plastiki zilizokuwa rahisi zaidi, na bei ya singa, yaani nyuzi za mkonge, ikashuka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba wakati ambapo bei ilikuwa imekwisha kuwa mbaya. Mkonge hukatwa kwa mara ya kwanza takriban miaka mitatu baada ya kupandwa, hivyo shamba lisilopandwa upya mwaka huu halionyeshi hasara mpaka miaka kadhaa baadaye."

#30 Fundi wa Aya
Hii inasomeka. Sentensi ya mwisho ndiyo bora, kwa sababu inaeleza kwa nini anguko lilichelewa kuonekana, na hiyo ni fikra yako. Bado hujasema kama mashamba yaliyotaifishwa yalipandwa upya au la. Umeliacha lininginie ukitumaini msomaji atakisia.

#31 Mzaliwa wa Pangani
Nami naongeza: usiyaweke mashamba yote kwenye fungu moja. Baadhi yalibaki mikononi mwa watu binafsi hata baada ya 1967. Ukiyalinganisha hayo na ya shirika la umma, ndipo utajua kama sababu ilikuwa bei au uendeshaji, kwa kuwa bei iliwakuta wote. Tafuta takwimu za kila mwaka, uzipange wewe mwenyewe, na uandike hukumu yako kabla hujasoma ya mtu mwingine yeyote.

#32 Msaidizi wa Kitivo
Hapo tu ndipo nitakapopingana nawe, mzee wangu. Mwanafunzi anayepanga takwimu bila kusoma wanahistoria waliotangulia hatajua zipi za kuamini wala zilikusanywaje. Asome kwanza hukumu mbili zinazogombana, aandike nusu ukurasa akieleza zinagombana wapi hasa, ndipo aende kwenye takwimu.

#33 Mzaliwa wa Pangani
Akisoma hukumu kwanza ataziazima, kama alivyoiazima Brazili. Mwache ahangaike na takwimu, kisha awasome hao wanahistoria akiwa tayari ana la kuwauliza.